Mahakama ya Hague na Stempu za Chagos

Maoni ya ushauri ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko Hague, si hukumu. Hakuna mdai wala mdaiwa. Chombo cha Umoja wa Mataifa chenye idhini huuliza swali la sheria, majaji hujibu, na jibu lao halimfungi yeyote. Hata hivyo, jibu la aina hiyo ndilo lililosababisha stempu za eneo zima kukataliwa na posta ya dunia mwaka 2021.

Eneo hilo ni Visiwa vya Chagos, ndani ya bahari ileile inayopiga ufuo wa Likoni. Uingereza ilivitenga na Mauritius mwaka 1965, zaidi ya miaka miwili kabla ya Mauritius kupata uhuru. Wenyeji wakahamishwa kwa nguvu, na Diego Garcia ikawa kambi ya jeshi la Marekani. Stempu za kwanza za eneo hilo, za Januari 1968, zilikuwa za Shelisheli zilizopigwa chapa ya jina lake jipya. Mombasa iliyaona hayo mapema zaidi: mwaka 1890 kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikiitawala pwani ilitumia stempu za Uingereza zilizopigwa jina la kampuni. Stempu hulipia safari ya barua, lakini pia hutangaza nani anajiona mwenye nchi, na hapo ndipo ugomvi wa mamlaka unapoingia posta.

Hague ilikwisha kuuona ugomvi wa namna hiyo. Januari 1925 Poland ilitundika masanduku ya barua mitaani Danzig, mji huru uliokuwa chini ya ulinzi wa Shirikisho la Mataifa. Danzig ilidai kwamba posta ya Poland haina haki nje ya jengo lake. Baraza la Shirikisho likaiuliza Mahakama ya Kudumu, mtangulizi wa hii ya leo. Jibu la tarehe 16 Mei 1925 lilikuwa kwamba Poland inaruhusiwa kukusanya na kugawa barua nje ya jengo, na kumhudumia yeyote, mradi iwe ndani ya bandari ya Danzig. Bandari inaishia wapi, majaji hawakusema. Mkazi wa Changamwe, anayeishi ubavuni mwa bandari ya Kilindini, ataona mara moja kwamba hilo ndilo lililokuwa swali gumu.

Kuhusu Chagos, Umoja wa Posta Duniani usingeweza kuuliza wenyewe. Ingawa ni shirika la Umoja wa Mataifa, haumo katika orodha ya mashirika yenye idhini ya kuomba maoni Hague. Lililouliza ni Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Juni 2017. Kenya na Umoja wa Afrika walizungumza mbele ya majaji Septemba 2018, na tarehe 25 Februari 2019 mahakama, chini ya rais wake Abdulqawi Ahmed Yusuf wa Somalia, ilisema kwa kura 13 dhidi ya 1 kwamba Uingereza inapaswa kuacha kuvitawala visiwa hivyo haraka iwezekanavyo.

Uingereza haikutii. Lakini Mei 2019 Baraza Kuu liliyapokea maoni hayo kwa kura 116 dhidi ya 6, likayataka mashirika yake yaitambue Chagos kuwa sehemu ya Mauritius. Agosti 2021, katika mkutano wa Abidjan, Umoja wa Posta ukaamua kutosajili wala kusambaza tena stempu za utawala wa Uingereza visiwani humo. Nguvu ya maoni ya ushauri ipo hapo hasa: anayeambiwa hukataa, wengine wakayatumia. Tarehe 22 Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilitia saini mkataba wa kuirudishia Mauritius visiwa hivyo, Diego Garcia ikibaki kwa kukodishwa kwa miaka 99.

Afrika Mashariki ina mlango wake. Chini ya kifungu cha 36 cha Mkataba wa Jumuiya, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mjini Arusha hutoa maoni ya ushauri juu ya maswali yanayotokana na mkataba huo, na huko, tofauti na Hague, hata nchi mwanachama inaweza kuuliza.