Likizo Kando ya Ziwa Edward: Ufuo Uliotangazwa na Filamu

Mtu wa Mombasa au Unguja akitajiwa likizo ya ufukweni huwaza mchanga mweupe, minazi na maji ya chumvi. Sisi tunaoishi Bulengera, mojawapo ya komini nne za mji wa Butembo, tu mbali mno na bahari hiyo. Ufuo ulio karibu nasi ni wa Ziwa Edward, chini ya milima yetu upande wa mashariki, mpakani mwa Kongo na Uganda. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ufuo huo ulivyopata kujulikana ulimwenguni kwa njia ya filamu, na sababu zilizofanya umaarufu huo usizae likizo, kwa wageni wala kwa wenyeji.

Kwanza yafaa tuyapime maneno yenyewe, kwani hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Neno pwani limetokana na kitenzi kupwa: maji ya bahari hupwa na kujaa, na pwani ni pale panapoachwa wazi maji yanapopwa. Ziwa letu halipwi kwa namna ionekanayo, kwa hiyo kusema "pwani ya Ziwa Edward" ni kuliazima ziwa tabia isiyo yake. Mwambao nao watokana na kuambaa, yaani kupita kandokando pasipo kugusa, nao humfaa zaidi nahodha kuliko mtu aliyekaa nchi kavu. Wavuvi wa Ziwa Viktoria upande wa Tanzania wana neno mwalo kwa mahali mitumbwi inapotia nanga na samaki kupakuliwa. Neno zuri, ila halikufika kwetu. Katika Kiswahili cha Kivu husemwa tu "kando ya ziwa", au katika mazungumzo ya kila siku, "ku ziwa". Hapa tutatumia ufuo.

Ufuo huo una mengi ya kuonyesha. Ziwa liko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 900, na eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 2,300, ambazo sehemu kubwa iko Kongo. Msafiri aliyekuwa akitoka Butembo kwenda Goma kwa barabara alivuka Kanyabayonga, akateremka mteremko wa Kabasha, na ghafla uwanda wa Rwindi ukafunuka mbele yake, ziwa liking'aa upande wa kaskazini. Wengi wa rika la wazazi wetu husimulia mandhari hiyo kabla ya kusimulia lolote lililowapata Goma. Huko Vitshumbi, kusini mwa ziwa, makorongo wakubwa waitwao marabu hutembea katikati ya watu wakingoja matumbo ya samaki, na viboko huingia kijijini usiku kula majani. Upande wa kaskazini iko Kyavinyonge, kijiji kingine cha uvuvi, na karibu yake Ishango, mahali mto Semliki unapotoka ziwani. Hapo Ishango, mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wenye mikato iliyopangwa kwa makundi, unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka ipatayo 20,000, na ambao wengi huutaja katika historia ya hesabu. Mfupa wenyewe umehifadhiwa Brussels. Anayetaka kuuona asishuke ziwani.

Sehemu ya ziwa iliyo Kongo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Albert, ikaingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1979, na kuwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 1994. Hatari hiyo haikuwa maneno matupu. Katika miaka ya 1970 viboko wa hifadhi hii walizidi 25,000. Kufikia mwaka 2005 hawakutimia hata 1,000. Kwa kuwa samavi yao hurutubisha maji na kulisha vijidudu ambavyo samaki huvila, kutoweka kwao kulihesabiwa miongoni mwa sababu za nyavu kurudi nyepesi.

Ndipo ikaja filamu iitwayo Virunga, ya mwongozaji Mwingereza Orlando von Einsiedel, iliyotoka mwaka 2014 na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Si hadithi ya kubuni. Inafuatana na walinzi wa hifadhi, sokwe yatima waliolelewa Rumangabo, vita vya M23 vya mwaka 2012, na juu ya yote mvutano kuhusu kampuni ya Uingereza, SOCO, iliyotaka kutafuta mafuta chini ya Ziwa Edward. Mlinzi Rodrigue Katembo anaonekana akinasa kwa siri mazungumzo ya rushwa. Mwaka 2017 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mkuu wa hifadhi, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi njiani tarehe 15 Aprili 2014, siku chache tu kabla ya filamu kuonyeshwa mara ya kwanza New York, naye akapona. Mwezi Juni mwaka huohuo SOCO ilitangaza kwamba ingesitisha kazi yake humo.

Kwa mwanafunzi wa lugha, filamu hii ina jambo la pekee. Maji yanayotoka Ishango hufuata Semliki hadi Ziwa Albert, na huko, mwaka 1951, John Huston alipiga sehemu ya filamu yake The African Queen. Humo ziwa na mto ni jukwaa tu la mapenzi ya wageni wawili. Katika Virunga wenye nchi wanasema wenyewe, na mara nyingi wanasema kwa Kiswahili, Kiswahili chetu cha mashariki ya Kongo, chenye Kifaransa ndani yake, kisichosahihishwa na mtu. Sijui kama walimu wengi wa Kiswahili wamekwisha kukitumia darasani; ingefaa.

Je, watazamaji walikuja? Walikuja. Hifadhi ilipofunguliwa tena baada ya vita, wageni walirudi, lakini wengi walielekea kwa sokwe, kwenye volkeno ya Nyiragongo, au kisiwani Tchegera katika Ziwa Kivu, mahali panapofikika kutoka Goma. Kisha mwezi Mei 2018 mlinzi mmoja aliuawa na Waingereza wawili wakatekwa, ingawa waliachiliwa baada ya siku mbili. Utalii ukasimamishwa hadi Februari 2019. Machi 2020 ukafungwa tena kwa ajili ya korona, na Aprili walinzi 12 wakauawa katika shambulio moja. Mwaka 2022 serikali ilitangaza mnada wa vitalu vya mafuta vilivyogusa hifadhi, ikaufuta Oktoba 2024. Katikati ya hayo, Machi 2024, M23 waliingia Vitshumbi, na Juni wakaingia Kanyabayonga, juu ya mteremko ule wa Kabasha.

Mwenyeji, kwa upande wake, hakuwahi kuhesabiwa mtalii. Kitenzi kutalii katika kamusi za zamani kina maana ya kuchunguza na kusoma kwa makini, na kwa maana hiyo aliyeitazama filamu akiwa ughaibuni ameutalii ufuo wetu. Mtu wa Bulengera hushuka Kyavinyonge kununua samaki, kuzika au kuoza, kisha hupanda gari jioni kabla njia haijawa ya hatari. Akipata konje, kama tuitavyo likizo kwa kufuata Kifaransa, huenda kutembelea ndugu.

Wachache wenye nafasi huvuka mpaka Kasindi na kuingia Uganda, katika Hifadhi ya Queen Elizabeth iliyoanzishwa mwaka 1952, wakalitazama ziwa lilelile kutoka ng'ambo. Karibu na hapo iko Katwe, kwenye ziwa dogo la chumvi ambako mababu zetu Wanande walikwenda kwa miguu kubadilishana mazao kwa chumvi, muda mrefu kabla mpaka haujachorwa. Walilala njiani na kurudi na mizigo kichwani. Wajukuu wao leo hugongewa mihuri katika pasipoti, hulipa kiingilio, na siku isiyo na ukungu huonyeshana kwa kidole upande wa machweo, ng'ambo ya maji, milima waliyotoka asubuhi.