Unataka Kuwa Kedi? Begi Ndio Rahisi, Macho na Mdomo Ndio Mtihani

Kama unaishi Mathare ama Huruma, uwanja wa gofu wa Muthaiga hauko mbali. Ni ng'ambo tu ya Thika Road. Lakini msee akisikia kuna kazi ya kubebea wadosi begi, anadhani ni stori ya mabega.

Sawa, mabega yatauma. Begi linaruhusiwa fimbo 14, raundi ni mashimo 18, na kufika mwisho umetembea kilomita 8 ama zaidi, masaa manne hivi. Hiyo hata punda anaweza. Unapimwa kwa mambo mengine.

Kwanza utatembea na kedi mzee ukiosha macho. Hapo ndio unafunzwa: kivuli chako kisiguse laini ya mpira wake. Usikohoe akipiga. Banka mkitoka, sawazisha mchanga na reki. Nyasi ikichimbwa na fimbo, jaza hapo mchanga. Na ukitoa bendera ilaze polepole, usiitupe kama mkuki. Mpira ukiruka, macho yaufuate hadi ulale, juu tangu 2019 mnautafuta dakika 3 pekee. Zikiisha, huo umepotea.

Alafu kuna hii yenye huchomea watu picha: kosa ni lako, adhabu ni yake. Sheria za 2019 zilikataza kedi kusimama nyuma ya mchezaji, kwa laini ya mpira, akianza kujipanga apige. Januari hiyo huko Dubai, Mchina Li Haotong aliongezewa mipigo 2 kwa shimo la mwisho sababu kedi wake alichelewa kutoka hapo. Akatoka sare ya nafasi ya 3 hadi sare ya 12, na chapaa mob ikaenda. Wenye sheria walikuja kulegeza siku chache baadaye, lakini yake ilikuwa ishaenda. Na huyo kedi hakuwa mgeni kwa hii kazi, manze.

Nani anakupea maksi? Kedimasta, yule anagawa mabegi. Anaangalia ulifika saa ngapi na uko safi aje, lakini sana sana anasikiza mchezaji. Akikuitisha tena kwa jina, umepita. Asipokutaja, utakaa benchi, na kwa hii kazi mara nyingi unalipwa kwa raundi, si mshahara. Benchi ni siku ya sufuri. Mvua pia.

Kwa hivyo mdomo uchunge. Akiuliza umbali, mwambie. Hujui? Sema hujui, usibahatishe. Akikosa shimo na mpira uko mita moja tu, wewe angalia miti.

Na ukishazoea, uliza siku gani makedi wanaruhusiwa kucheza. Dismas Indiza alianza akibeba begi huko Mumias, akakuja kuwa pro.