Jaguar XJ-S: kagua bodi kabla ya injini

Uingereza bado unaweza kuipata Jaguar XJ-S ya silinda 12 kwa bei ya gari dogo la kawaida lililokwisha kutumika. Mtu akiona boneti lile refu na viti vya ngozi, anadhani bahati imemdondokea. Gari hili lilipoanza kuuzwa mwaka 1975, likirithi nafasi ya E-Type pale Coventry, lilikuwa la wenye fedha. Bei yake imeshuka. Bei ya spea na saa za fundi haikushuka nayo.

Wengi huogopa injini. Mimi naogopa kutu. XJ-S haina fremu ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo ikioza, gari zima limekwisha. Nenda na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Ipitishe chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, kuzunguka taa za mbele na pembeni mwa kioo cha nyuma. Isiponasa, hapo pamepakwa puti, bati halipo. Inua na zulia la miguuni ulipapase kama lina unyevu. Halafu gari lipandishwe juu, uangalie pale mikono ya suspensheni ya nyuma inapofungwa kwenye sakafu. Sehemu hiyo ikiwa imeoza, gharama ya kuichomelea ipasavyo yaweza kuzidi bei uliyonunulia, na muuzaji anayekataa gari lisipandishwe juu ameshakupa jibu.

Injini ya lita 5.3 yenyewe ni imara sana, ila haivumilii kuchemsha. Bloku na hedi zote ni za aluminiamu. Joto likizidi, kiti cha valvu huweza kulegea na kudondoka, na kuzivua hedi hizo ni kazi ya kumtoa fundi jasho kwa sababu hugandana na stadi zake. Mara nyingi chanzo ni rejeta: njia zake za chini huziba kwa uchafu, na kati yake na kondensa ya AC majani makavu hujikusanya kwa miaka bila mtu kuyaona. Hata kujaza maji kuna utaalamu wake. Kuna mahali pawili pa kujazia, na fundi asiyelijua gari hili hujaza mahali pamoja tu, akaacha hewa imenasa juu ya injini.

Kwa hiyo fika mapema, uguse injini ikiwa bado baridi. Ukiikuta imeshapashwa moto, uliza kwa nini. Iwashe, iache ingurume papo hapo AC ikiwa imewashwa, macho yako yakiwa kwenye mshale wa joto. Ukipanda bila kutulia, shukuru kwa chai uondoke.

Ukiwa hapo, tazama mipira ya petroli iliyo katikati ya safu mbili za silinda. Inakaa kwenye joto kali, hukakamaa na kupasuka, na petroli ikidondokea injini ya moto gari huwaka. Petroli ya E10, ambayo imekuwa ya kawaida Uingereza tangu Septemba 2021, huila mipira ya zamani haraka zaidi. Weka mipira mipya, tumia E5. Magari ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 yenye mfumo wa Marelli wa kuwashia yana hatari nyingine: rota ya distribyuta ikiungua, silinda 6 hukosa cheche huku 6 nyingine zikiendelea kwa ulaini ule ule. Dereva anahisi gari zito tu, kumbe petroli mbichi inamiminika kwenye kataliti.

Breki za nyuma, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, zimekaa katikati, ubavuni mwa difu. Sili ya difu ikivuja, oili inaishia kwenye disi. Kuzitengeneza mara nyingi hulazimu kushusha mtambo wote wa nyuma, na fundi atakutoza hivyo.

Gari lililotimiza miaka 40 kwa kawaida halilazimiki kukaguliwa MOT tena. Wanunuzi hufurahi; mimi naona hasara, maana jicho la mtu wa tatu limeondoka. Mpende zaidi mwenye gari aliyeendelea kulipeleka kwa hiari. Rekodi zake zinasomwa bure kwenye tovuti ya serikali.

Kwa anayeanza, ningechagua ya silinda 6 yenye lita 4.0, iliyotoka mwaka 1991: kuifanyia kazi ni nafuu, nayo haikosi mbio. Lakini kwa anayeishi London hesabu inabadilika, kwani kila siku atakayoliendesha atalipa pauni 12.50 za ULEZ, yaani tozo ya jiji kwa magari yenye moshi mchafu, wakati lililovuka miaka 40 na kusajiliwa kama la kihistoria limesamehewa. Huyo atafute V12 ya HE, iliyoanza 1981 na kunywa petroli kidogo kuliko zilizotangulia. Kidogo chenyewe ni kwamba kwenye foleni inaweza kumaliza lita 20 kwa kilomita 100. Fedha ya rejeta na mipira ya petroli aitenge kabla hajafikiria kupiga rangi.