Kifimbo Kinapolia Mgongoni

Awendo ni mji wa miwa. Matrekta yenye shehena za miwa hupita humo yakielekea kiwanda cha sukari cha Sony, na barabara ya A1, inayotoka Kisumu kupitia Kisii na Rongo hadi mpakani Isebania, imeupasua mji huo katikati. Uwanja wa ndege hauna. Hata hivyo, kifaa cha kugundua chuma si kitu kigeni kwa wakazi wake. Mlinzi wa benki anacho mkononi, askari wa mahakama anacho, na panapokuwa na hafla ya mkuu wa serikali, watu hupanga foleni ndefu kupita kwenye malango ya ukaguzi, kama walivyofanya majirani zao wa Homa Bay tarehe 1 Juni 2025, sherehe za Madaraka zilipoandaliwa mjini kwao.

Kwa wengi hilo ni jambo la sekunde chache: inua mikono, geuka, pita. Kwa mtu aliyewekewa vyuma kwenye uti wa mgongo, sekunde hizo huweza kuwa ndefu mno. Kifimbo kinapita mabegani kimya, kinashuka hadi kiunoni, kinalia. Mlinzi anarudia. Kinalia tena. Mfukoni hamna kitu, mshipi umeshavuliwa, na walio nyuma wameanza kunyoosha shingo ili waone kuna nini.

Watu wa namna hiyo si wachache kama inavyodhaniwa, na huku Nyanza Kusini sababu ziko wazi. Pikipiki za bodaboda zimewabeba wengi na zimewaangusha wengi. Wako walioanguka kutoka juu ya mwembe au juu ya paa. Wako wachimba dhahabu wa Macalder na Osiri, kule Nyatike, ambako machimbo yakiporomoka udongo humwangukia mtu mgongoni. Kisha kuna kifua kikuu, ugonjwa ambao watu huuhusisha na mapafu pekee ilhali huweza kuingia ndani ya mifupa na kuzila pingili za uti wa mgongo mpaka mgongo ukapinda. Na wako wazee ambao pingili zao zimechakaa, zikabana mishipa ya fahamu iendayo miguuni.

Si kila mgongo ulioumia huhitaji vyuma. Ukihitaji, mpasuaji hupitisha skrubu mbili katika kila pingili anayotaka kuishika, moja kulia na moja kushoto, halafu huziunganisha kwa fito mbili nyembamba. Kuunga pingili mbili humaanisha skrubu nne na fito mbili. Pingili tatu, skrubu sita. Skrubu ya kiunoni huwa na urefu wa sentimita nne hivi. Nchini Kenya kazi hii hufanywa katika hospitali kubwa za rufaa na katika baadhi ya hospitali za misheni na za binafsi. Tanzania wana Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam. Wenye uwezo, au waliochangiwa na jamaa na marafiki, huvuka bahari hadi India.

Sasa, kwa nini kifimbo kilie kwa mmoja na kinyamaze kwa mwingine?

Kifaa hiki hakioni chuma, wala hakijui umbo lake. Ndani yake mna koili ya waya inayopitishwa umeme, na umeme huo hutengeneza uga wa sumaku unaobadilika mara maelfu kwa sekunde. Uga huo ukikutana na kitu kinachopitisha umeme, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka. Mikondo hiyo nayo hutengeneza uga wake wa sumaku, na huo ndio unaorudi kwenye koili na kukifanya kifaa kilie. Kwa hiyo mambo matatu huamua: chuma chenyewe kinapitisha umeme vizuri kiasi gani, kina ukubwa gani, na kiko mbali kiasi gani na koili.

Inafaa kukumbuka kwamba mojawapo ya mashine za kwanza kabisa za aina hii ilitengenezwa kwa ajili ya mgonjwa. Tarehe 2 Julai 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi mjini Washington. Risasi moja ilipenya pingili ya kiuno chake na kupotelea ndani ya mwili. Alexander Graham Bell, yule aliyevumbua simu, alileta kifaa cha koili ili aisake. Hakufanikiwa. Kitanda cha rais kilikuwa na springi za chuma, nazo zilivuruga milio, na madaktari walikuwa wameng'ang'ania upande ambao risasi haikuwepo. Garfield alifariki Septemba mwaka huohuo. Zaidi ya karne moja baadaye udhaifu wa msingi ni uleule: mashine husema tu kwamba kuna chuma, na kazi ya kujua ni chuma gani, na kimefikaje hapo, humwangukia mwanadamu.

Vyuma vingi vya mgongo vya siku hizi hutengenezwa kwa titani iliyochanganywa na alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4. Wakenya wana ujamaa na titani hata kama hawajawahi kuishika: mchanga wa Kwale ulichimbwa na kampuni ya Base Titanium kwa takriban miaka kumi na mmoja, shehena ya kwanza ikasafirishwa mwaka 2014, na uchimbaji ukakoma mwishoni mwa 2024. Madini ya titani duniani huishia zaidi katika rangi nyeupe za kupaka. Sehemu ndogo hufanywa chuma, na ya chuma hicho sehemu ndogo zaidi huishia ndani ya miili ya watu. Madaktari huipenda kwa sababu ni nyepesi, haishiki kutu, na mfupa huikubali. Hilo la mwisho liligunduliwa na Msweden Per-Ingvar Brånemark katika miaka ya 1950, alipoona titani imeshikamana na mfupa wa sungura kiasi cha kutong'oka.

Mchanganyiko huo una tabia mbili zinazohusu mlango wa benki. Hauvutwi na sumaku, na hupitisha umeme vibaya, kiasi cha mara mia chini ya shaba. Ndiyo maana mtu mwenye skrubu nne za titani huweza kupita chini ya lango la ukaguzi mara nyingi bila lango kusema neno: koili ziko mbali, chuma ni kidogo, na kinaitika kwa unyonge. Kifimbo cha mkononi ni habari nyingine. Hicho hupitishwa karibu kabisa na nguo, na skrubu za mgongoni huwa zimeingizwa kutoka nyuma, vichwa vyake vikiwa si mbali sana na ngozi. Mtu mwembamba atagunduliwa upesi kuliko mnene. Aliyewekewa kipande kwa mbele ya uti wa mgongo, kupitia tumboni au shingoni, huenda asigunduliwe kabisa, maana chuma chake kimefunikwa na mwili pande zote.

Hapa ndipo matarajio ya wengi huenda kombo. Msafiri wa kutoka Awendo huogopa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ambako abiria hukaguliwa zaidi ya mara moja kabla ya kupanda ndege. Anaweza kupita malango yote hayo salama, halafu akasimamishwa na kifimbo cha mlinzi mmoja kwenye duka la jumla mjini kwao.

Waliowekewa vyuma zamani wana hali tofauti. Miaka ya 1950 daktari Paul Harrington wa Houston, Marekani, alianza kunyoosha migongo ya watoto waliopindwa na polio kwa fito za chuma kisichoshika kutu, na njia yake ikaenea dunia nzima kwa miongo kadhaa. Fito hizo ni ndefu na zina uzito, na mwenye nazo asishangae lango likimlilia. Vivyo hivyo kwa aliyevunjika paja kwa ajali ya pikipiki akawekewa msumari mrefu ndani ya mfupa. Misumari ya SIGN, inayotolewa na shirika lililoanzishwa na daktari Lewis Zirkle wa Marekani mwaka 1999, na ambayo imetumika katika hospitali kama Tenwek kule Bomet, ni ya chuma kisichoshika kutu. Aliye na nyonga au goti la bandia ndiye hasa anayejulikana na mashine, kwa kuwa amebeba chuma kizito kuliko wote hawa.

Mashine zenyewe pia hazifanani. Kila lango hupangiwa kiwango cha wepesi wa kulia, na mwenye jengo huweza kukipandisha siku ya hatari na kukishusha siku ya kawaida. Mtu aliyepita Jumatatu bila neno anaweza kulia Ijumaa mlango uleule. Malango mapya huwasha taa kuonyesha chuma kiko usawa gani wa mwili, jambo linalomsaidia mlinzi asipekue mahali pasipohusika. Baadhi ya viwanja vikubwa vya ng'ambo vina mashine za mawimbi mafupi ambazo msafiri huingia akainua mikono. Hizo huona kilichofichwa chini ya nguo lakini hazipenyi ngozi, kwa hiyo skrubu zilizo ndani hazizihusu. Wala hakuna hata moja kati ya hizi inayoweza kulegeza skrubu au kuipasha joto. Hofu hiyo huwasumbua wagonjwa wengi bure.

Tahadhari ya kweli ni kwa wenye vifaa vya umeme mwilini. Wapo wagonjwa wachache waliopandikizwa kifaa kidogo chenye betri kinachopeleka umeme karibu na uti wa mgongo ili kutuliza maumivu. Hao wanaweza kuhisi mshtuko wanapopita langoni. Waseme mapema, waombe kupekuliwa kwa mkono, na kama hawana budi kupita, wapite bila kusita katikati. Kifimbo kisishikiliwe juu ya kifaa hicho, wala juu ya kile kinachoongoza mapigo ya moyo.

Mlinzi naye asilaumiwe kwa kuuliza. Nchi hii ilijifunza ukaguzi kwa damu: bomu la Nairobi la tarehe 7 Agosti 1998, shambulio la jengo la maduka la Westgate tarehe 21 Septemba 2013 ambako watu 67 waliuawa, na Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015 ambako waliuawa 148. Sheria ya mwaka 2016 inayosimamia ulinzi wa kampuni binafsi inampa mlinzi mamlaka ya kumpekua anayeingia au kutoka mahali anapopalinda. Lakini mamlaka hayo yamo ndani ya Katiba ya 2010, ambayo Kifungu cha 28 chake kinalinda utu wa kila mtu na cha 31 kinalinda faragha. Na kwa upekuzi wa polisi, sheria ya mwenendo wa mashtaka ya jinai imesema tangu zamani kwamba mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Hakuna kovu la upasuaji linalopaswa kufunuliwa mbele ya foleni. Anayetakiwa aonyeshe ana haki ya kuomba chumba cha pembeni na mkaguzi wa jinsia yake, na anayeombwa hivyo asilione ombi hilo kama ukaidi.

Mengi huamuliwa na nani ametangulia kusema. Mama anayemwambia kijana wa mlangoni, “Mwanangu, kabla hujanipima, nina vyuma vya hospitali hapa kiunoni,” humpa kijana nafasi ya kujibu, “Pole mama, nitapitisha polepole, niambie ni wapi.” Kifimbo kikilia pale alipotaja, na kikanyamaza kwingine, kazi imekwisha. Akikaa kimya mpaka kilie, maelezo yaleyale husikika kama kisingizio, na hilo ni dhuluma kwa mtu aliyekwisha kuumia, ila ndivyo ilivyo kwenye foleni.

Barua ya daktari husaidia, lakini haimwondolei mtu ukaguzi. Viwanja vya ndege havikubali karatasi badala ya kupekua, kwa sababu mwenye nia mbaya naye anaweza kuichapisha. Thamani ya barua ni kwamba hufupisha maswali, hasa ng'ambo, ambako msafiri hana lugha ya kueleza.

Iko sababu kubwa zaidi ya kuwa na maandishi, nayo haihusu walinzi. Mgonjwa mwenye chuma mgongoni akihitaji kipimo cha MRI, mashine yenye sumaku yenye nguvu nyingi, mpimaji lazima ajue ni chuma gani kimo mwilini. Titani kwa kawaida haina shida humo, ingawa huweza kufifisha picha mahali ilipo. Vifaa vyenye betri au sumaku ni jambo jingine kabisa. Wagonjwa wengi hutoka hospitali wakijua tu kwamba “waliwekewa vyuma”. Faili limebaki Nairobi, au Eldoret, au Chennai, na mpasuaji ameshahama.

Kwa hiyo siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, mgonjwa au ndugu anayemsindikiza aombe ukurasa mmoja wenye tarehe ya upasuaji, jina la hospitali, pingili zilizoungwa, aina ya chuma, na jina la mtengenezaji wake. Aombe na nakala ya eksirei. Kisha avipige picha vyote viwili, avihifadhi kwenye simu, na amtumie mtu mmoja wa nyumbani.