Pikipiki Ikitoa Sauti Ngeni, Isikilizwe Kabla ya Kupakia Abiria

Mhudumu wa bodaboda anayeshinda kati ya Marikiti na Kivuko cha Likoni huijua pikipiki yake kwa sauti. Anajua inavyonguruma asubuhi ikiwa baridi na inavyotulia ikishapata moto. Sauti ngeni ikitokea, wengi huiacha kwa sababu pikipiki "bado inatembea". Hapo ndipo hatari ilipo. Cheni iliyolegea huweza kupiga kelele kwa siku kadhaa kabla ya kuruka, na ikiruka ikajikunja kwenye sproketi, gurudumu la nyuma hukwama ghafla barabarani, abiria akiwa juu.

Fundi mzuri huuliza kwanza sauti inasikika wakati gani. Pikipiki isimamishwe mahali tambarare, iwekwe nyutro, kisha mhudumu apige resi taratibu. Sauti ikisikika hapo hapo, chanzo kiko kwenye injini au ekzosi. Ikisikika tu wakati pikipiki inatembea, tena ikienda kasi au polepole kufuatana na gurudumu, basi kinachotafutwa ni cheni, breki au beringi. Shaka ikibaki, mhudumu aende mwendo mdogo bila abiria, ashike klachi na kuiacha injini itulie: sauti isiyobadilika haitoki kwenye injini.

Jaribio hili ni gumu Barabara ya Digo, ambako matatu na tuktuk humeza kila sauti. Mji wa Kale unafaa zaidi. Katika vichochoro vya Kibokoni kuta ziko karibu na huirudisha sauti masikioni, hivyo mlio ambao haukusikika barabara kuu hujitokeza wazi. Bora lisifanywe usiku watu wamelala.

Mlio mwepesi wa tik-tik kutoka juu ya injini mara nyingi ni wa vali, au tapeti kama mafundi wanavyoziita. Injini inayopozwa na hewa, kama za pikipiki nyingi za bodaboda, hutoa tik-tik kidogo hata ikiwa nzima. Mlio ukizidi, vali zipimwe na kurekebishwa injini ikiwa baridi. Wapo wanaomtaka fundi azikaze mpaka injini iwe kimya kabisa, na hilo ni kosa. Vali iliyokazwa kupita kiasi haifungi vizuri. Huungua polepole bila kelele yoyote, na mwenyewe hushtukia pikipiki imepoteza nguvu.

Mgongo mzito kutoka chini ya injini hausubiri safari moja zaidi. Injini izimwe. Pikipiki isimamishwe kwa stendi kubwa, zipite dakika chache, kisha oili ipimwe. Ikiwa imepungua iongezwe, lakini mgongo ukiendelea baada ya hapo pikipiki isukumwe au ibebwe hadi kwa fundi. Kuiendesha ndiko kunakoleta kile kinachoitwa "injini kunoki", na gharama yake huwa ni kuifungua injini yote.

Kuna pia mlio mkavu unaosikika pikipiki ikipandisha Daraja la Nyali na mzigo, kama kokoto ndani ya kopo. Huenda mhudumu amebaki kwenye gia kubwa mno. Akishusha gia, mlio unaisha. Usipoisha, petroli nayo ishukiwe, kwani petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huwaka kabla ya wakati wake na kuipiga pistoni. Uchanganyaji huu ulikuwa umeenea kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ya kitaifa iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha.

Kisiwani, adui mkubwa wa cheni ni chumvi. Upepo wa bahari huituma kila mahali, na pikipiki inayovuka Likoni kila siku hupata kutu mapema kuliko ya bara. Cheni kavu hulia kwi-kwi. Iliyolegea hugonga mkono wa nyuma. Gurudumu lizungushwe kwa mkono, injini ikiwa imezimwa, na cheni ipimwe sehemu kadhaa. Ikikaza upande mmoja na kulegea upande mwingine, imekwisha, na ibadilishwe pamoja na sproketi zote mbili. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini isipakwe kwenye cheni, kwa sababu hubeba vumbi la chuma linaloisaga. Isimwagwe mtaroni pia, maana mitaro ya kisiwa huishia baharini.

Breki ikilia kwa wembamba huenda ni vumbi. Ikikwaruza kama chuma juu ya chuma, viatu vyake vimekwisha na pikipiki isibebe mtu. Kamwe breki isitiwe oili ili inyamaze. Beringi nayo huunguruma kwa kuendelea. Gurudumu likiinuliwa na kutikiswa kushoto na kulia, halifai kucheza.

Wengine hutoboa sailensa kwa makusudi ili pikipiki ivume. Kanuni za kitaifa za mwaka 2009 za kudhibiti kelele zinakataza kelele za kuudhi, na katika mitaa myembamba ya Ndia Kuu mvumo huo huingia moja kwa moja kwenye vyumba vya wagonjwa na watoto. Mwenye sailensa iliyotobolewa pia hawezi kuisikia cheni yake.

Abiria naye ana masikio. Akisikia mkwaruzo kila breki inaposhikwa, au mgongo chini ya miguu yake, amwambie mhudumu asimame, amlipe kwa umbali waliokwenda, na achukue pikipiki nyingine.