Mivukuto ya Mhunzi na Feni ya Karakana: Jinsi ya Kutafuta Kasoro ya Upepo

Msafiri atokaye mjini Tabora kwenda Kwihara hupita katika nchi iliyokuwa njia panda ya misafara katika karne ya 19. Burton na Speke walifika Kazeh mwaka 1857. Stanley alikaa katika tembe la Kwihara mwaka 1871 kabla ya kumfuata Livingstone Ujiji, na mwaka 1872 alirudi hapo pamoja naye. Majina hayo hukumbukwa na kila mwanafunzi. Linalosahaulika ni kwamba miongoni mwa mizigo ya wapagazi wa Kinyamwezi mlikuwamo majembe ya chuma, yaliyouzwa hadi Ugogo na kutolewa mahari. Kila jembe lilitoka motoni, na moto huo uliishi kwa upepo wa mivukuto.

Siku hizi mahali pa mivukuto pameshikwa mara nyingi na feni ya umeme. Chombo kimebadilika, lakini sheria za hewa ni zile zile. Makala hii yaeleza jinsi ya kuitafuta kasoro pale upepo unapopungua.

Mfano wa karakana moja

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa katika shule moja ya sekondari mkoani Tabora. Feni ya tanuri la makaa ilizunguka, lakini chuma hakikufikia hata wekundu wa kuweza kufuliwa. Ilikwisha kuamuliwa kwamba mota imekufa, na barua ya kuomba fedha za kununua nyingine ilikuwa mezani. Kando ya tanuri ilikuwapo mivukuto ya mfano, ambayo wanafunzi waliichonga kwa ajili ya somo la historia: vyungu viwili vya mti vilivyofunikwa ngozi ya mbuzi. Nayo ilikuwa imeharibika. Ngozi zake ziliungua siku ya kwanza.

Kasoro hizo mbili zilifundisha jambo moja. Tuanze na mivukuto.

Mwanya usiokuwa kasoro

Mivukuto ya vyungu haina vali. Ngozi ikisukumwa chini, hewa hutoka kwa kasi kupitia domo la mvukuto na kuingia katika mrija wa udongo uelekeao motoni. Ngozi ikivutwa juu, chungu hunyonya hewa kupitia domo lile lile. Je, hainyonyi moto?

Hainyonyi, kwa sababu wahunzi wa kale waliacha mwanya kati ya domo la mvukuto na mdomo mpana wa mrija. Wakati wa kusukuma, hewa hutoka kwa mkondo mwembamba wenye kasi, ukauruka mwanya na kuingia mrijani. Wakati wa kuvuta, hewa huingia kutoka pande zote, na iliyo karibu zaidi ni ile ya nje, iliyo baridi. Mwanya huo ndio vali yenyewe. Wanafunzi wetu waliuona, wakadhani ni uvujaji, wakauziba kwa udongo. Tangu hapo kila mvuto ulileta hewa ya moto na cheche ndani ya chungu, na ngozi zikaungua.

Njia ya hewa, kutoka motoni hadi swichi

Kwa feni hali ni kinyume. Feni husukuma upande mmoja tu bila kukoma, hivyo mwanya wowote katika bomba ni hasara. Ni vyema mtafutaji aifuate hewa kutoka motoni kurudi nyuma, baada ya kuzima umeme, kuchomoa waya na kuacha tanuri lipoe.

Kwanza, achunguze mwisho wa bomba motoni. Mavi ya chuma na majivu yaliyoyeyuka huganda hapo na kuuziba. Pili, akague viungo vya bomba. Baadaye feni itakapozunguka, apitishe uzi mwepesi kandokando ya viungo. Uzi utapepea penye tundu. Tatu, atazame mapanga na tundu la kuingizia hewa, kwani vumbi la makaa hupenda kujenga hapo. Nne, azungushe mhimili kwa mkono: ukikwaruza au kukaza, beringi zimechoka. Tano ndipo umeme ufikiriwe. Mota ya fezi moja ingurumayo bila kuanza kuzunguka, ilhali mhimili wake ni mwepesi, mara nyingi ina kapasita mbovu. Kapasita huweza kubaki na umeme hata waya ukichomolewa, basi aachiwe fundi umeme.

Kasi nayo ina maana kubwa. Mapanga yakizunguka kwa nusu ya kasi yake, hewa hupungua hadi nusu, lakini shinikizo hupungua hadi robo. Ndiyo maana feni iliyopungua kasi kidogo tu huweza kushindwa kabisa kuupenya mrundiko wa makaa.

Katika shule ile hatukufika hatua ya pili. Bomba lilizibwa na mavi ya chuma. Tulipoyagonga yakatoka, chuma kikawaka rangi ya machungwa kabla kipindi hakijaisha, na ile barua haikupelekwa.

Hatari ya kukatika umeme

Liko jambo moja ambalo mivukuto ilituzidi. Umeme ukikatika ghafla, makaa huendelea kutoa kaboni monoksidi, gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo huweza kurudi nyuma na kujaa katika bomba lililofungwa barabara. Feni ikiwashwa tena, mchanganyiko wa gesi na hewa husukumwa kwenye kaa la moto, ukaweza kulipuka na kupasua bomba. Kwa hiyo umeme ukikatika, swichi izimwe na bomba litenganishwe na tanuri mara moja. Lisiunganishwe mpaka feni iwe imelipuliza likawa safi. Karakana nayo iwe wazi, yenye kupitisha hewa.

Mwanya ambao mhunzi wa kale aliuacha wazi, nasi tunalazimika kuufungua wakati kama huo. Basi mwalimu na awaulize wanafunzi wake, kabla hawajaziba tundu au kununua mota: hewa yatoka wapi, yapita wapi, na nini kitatokea ikirudi nyuma?