Nyumba Yako na Afya Yako: Faida za Kujenga kwa Kuhifadhi Mazingira

Leo mada yetu ni nyumba.

Tunapozungumza juu ya magonjwa, kwa kawaida tunataja viini, maji machafu, chakula na dawa. Ni mara chache tunaitaja nyumba. Lakini hebu fikiria kidogo. Mtoto mchanga hukaa ndani karibu siku nzima. Mama hupika humo, mgonjwa hujilaza humo, na sisi sote hulala humo usiku kucha. Hewa iliyomo ndiyo tunayovuta, na sakafu yake ndiyo mtoto anayotambaa juu yake. Nyumba ikijengwa vizuri, inakinga magonjwa kila siku bila wewe kulipa chochote zaidi. Ikijengwa vibaya, utailipia kwa miaka mingi hospitalini.

Siku hizi wataalamu hutaja "majengo ya kijani". Usidhani ni nyumba zilizopakwa rangi ya kijani! Jengo la kijani ni lile lililopangwa litumie mwanga wa jua, upepo, maji ya mvua na vifaa vinavyopatikana karibu. Kwa njia hiyo linatumia umeme, kuni na maji kidogo, na linawapa wakaaji wake hewa safi. Hapa Kenya, mfano unaojulikana ni ofisi za Umoja wa Mataifa za mazingira huko Gigiri, Nairobi, zilizofunguliwa mwaka wa 2011 zikiwa na paneli za sola juu ya paa.

Pengine utasema, hayo ni mambo ya wenye pesa. La hasha. Nenda Lamu ukaone nyumba za zamani za mji ule. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Ndani kuna kiwanda kilicho wazi juu, kinacholeta mwanga na kupitisha hewa. Vichochoro ni vyembamba, hivyo nyumba moja huitilia nyingine kivuli. Waliojenga hawakuwa na feni, lakini walijua jua linatoka wapi na upepo unavuma kutoka wapi. Vivyo hivyo nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi huwa na ubaridi mchana. Mabati yalipokuja yalituletea paa la kudumu na maji ya mvua yaliyo safi zaidi, na hiyo ni faida kubwa. Lakini wengi wetu tulipoezeka mabati tulisahau hewa na kivuli.

Sasa tutazame nyumba sehemu moja baada ya nyingine.

Jikoni

Tuanze na moshi, kwa maana ndio unaoua wengi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka wa 2020 watu milioni 3.2 ulimwenguni walikufa kutokana na hewa chafu ya majumbani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hewa hiyo chafu hutokana hasa na kuni, makaa, mabua, samadi na mafuta ya taa. Moshi huingiza mapafuni chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Mtoto mdogo akivuta moshi huo kila siku, anapata nimonia kwa urahisi. Mama hupata kikohozi kisichoisha, macho huharibika, na moyo nao unaumia.

Ukiweza, jenga jiko kando na nyumba ya kulala. Ikiwa ni lazima liwe ndani, weka bomba la kutolea moshi linalopita juu ya paa, na madirisha mawili yanayokabiliana ili hewa ipite. Tumia kuni zilizokauka kabisa, na jiko linalotumia kuni au makaa machache. Ukiweza kupata gesi, au gesi ya samadi ya ng'ombe wako, ni bora zaidi.

Kuna hatari nyingine ambayo ni lazima tuitaje. Wakati wa baridi, hasa mwezi wa Juni hadi Agosti katika sehemu za milimani, watu huingiza jiko la makaa chumbani ili wapate joto, kisha hufunga mlango na madirisha na kulala. Makaa yakishika vizuri huwa hayana moshi, na mtu hudhani hatari imekwisha. Kumbe ndipo hewa ya kaboni monoksaidi inapojaa chumbani. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Inachukua nafasi ya oksijeni katika damu, na mtu aliyelala hafahamu lolote. Familia nzima zimekufa hivyo. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Ukiona dalili hizo, fungua mlango, mtoe kila mtu nje upesi, na muende hospitalini mara moja. Usilale kamwe na jiko la makaa ndani ya nyumba, hata kama ni jiko la kisasa.

Madirisha

Viini vya kifua kikuu huelea hewani mgonjwa anapokohoa. Katika chumba kidogo kisichopitisha hewa, viini hivyo hubaki humo kwa saa nyingi, na walio ndani wanaendelea kuvivuta. Hewa ikipita, vinatawanyika na kutoka nje. Miale ya jua nayo inaviua. Ndiyo sababu nesi humwambia mgonjwa wa kifua kikuu afungue madirisha.

Dirisha liwe kubwa kiasi gani? Mafundi wengi hutumia kipimo rahisi: eneo la madirisha lisipungue sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu. Chumba cha mita 3 kwa mita 3 kina mita 9 za mraba. Kwa hiyo kinahitaji dirisha lisilopungua upana wa sentimita 90 na urefu wa mita 1. Yakiwa madirisha mawili katika kuta mbili tofauti, hewa itaingia huku na kutoka kule.

Na yaelekee wapi? Kenya iko kwenye ikweta. Jua hutoka mashariki na kutua magharibi, na huchoma sana kuta za pande hizo mbili. Kwa hiyo, kama ploti yako inaruhusu, kuta fupi zielekee mashariki na magharibi, na kuta ndefu zenye madirisha zielekee kaskazini na kusini. Utapata mwanga bila joto kali, na hutawasha taa mchana. Jambo hili halina gharama yoyote, mradi uliamue kabla ya msingi kuchimbwa.

Paa

Mbu anayeleta malaria hupenda kupitia ule mwanya ulio kati ya ukuta na paa. Anafuata harufu ya watu waliolala. Huko Gambia, watafiti waliweka wavu kwenye milango na madirisha ya nyumba na kuziba mianya ya juu ya kuta. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2009. Mbu walioingia nyumba hizo walipungua kwa zaidi ya nusu, na watoto waliopungukiwa na damu walikuwa wachache kuliko katika nyumba zisizo na wavu.

Lakini angalia: ukiuziba mwanya huo wote kwa udongo au saruji, joto litakosa pa kutokea. Afadhali uweke wavu wa waya, ili hewa ipite na mbu abaki nje. Hata hivyo, endelea kulala ndani ya neti iliyotiwa dawa. Wavu wa dirishani ni msaidizi wa neti na hauchukui nafasi yake.

Mabati yakipigwa na jua la mchana huwa moto sana, na joto hilo hushuka chumbani. Weka dari, hata ya mikeka au makuti yaliyosukwa, na uache nafasi ya hewa kati yake na mabati. Paa la rangi nyeupe au ya kung'aa hurudisha miale ya jua. Upenu mrefu hukinga ukuta dhidi ya jua na mvua. Mti uliopandwa upande wa magharibi utakupa kivuli cha jioni kwa miaka mingi. Wazee, watoto wachanga na mama wajawazito ndio wanaoumia zaidi kwa joto.

Ikiwa paa lako ni la zamani na limetengenezwa kwa asbesto, usilivunje wala kulikata mwenyewe. Vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka wa 2006, na kuiondoa ni kazi ya wataalamu walioidhinishwa. Muone afisa wa afya ya umma wa eneo lako akuelekeze.

Sakafu

Katika jimbo la Coahuila nchini Mexico, serikali ilianza mwaka wa 2000 kuwawekea maskini sakafu ya saruji mahali pa sakafu ya udongo. Watafiti walipowapima watoto baadaye, waliona minyoo imepungua kwa zaidi ya robo tatu, na kuhara kumepungua karibu nusu. Hapa kwetu tuna shida nyingine ya sakafu ya vumbi, nayo ni funza. Funza huzaana katika vumbi kavu, na sakafu ngumu inayopigwa deki huwanyima makao.

Saruji hutumia moto mwingi sana kiwandani, na moto huo huchafua hewa. Kwa hiyo mwenye busara huitumia pale inapoleta faida kubwa, na sakafu ni mahali hapo. Kuta zinaweza kujengwa kwa matofali ya udongo yanayoshindiliwa kwa mashine pamoja na saruji kidogo. Matofali hayo hukaushwa tu. Hayachomwi, hivyo huhitaji kukata miti kwa ajili ya tanuri. Ikiwa bado huwezi kuweka saruji, ishindilie sakafu vizuri na uinyunyizie maji kabla ya kufagia.

Maji ya mvua

Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba, unapata lita 1 ya maji. Tuseme nyumba yako ina paa la mita 6 kwa mita 5, yaani mita 30 za mraba. Mvua ya milimita 20 itakupa lita 600. Hata ukipoteza sehemu moja ya tano, utabaki na lita 480. Hiyo ni mitungi 24 ya lita 20, ambayo mama au binti hakuibeba kutoka mtoni. Haba na haba hujaza kibaba.

Yaache maji ya kwanza yapite, kwa kuwa yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Maji ya kunywa yachemshe au uyatie dawa. Na tangi ni lazima lifunikwe. Mwaka wa 2004, wakati wa ukame, watu wengi sana kisiwani Lamu waliugua chikungunya, na mbu walioieneza walikuwa wakizaana katika vyombo vya maji vilivyoachwa wazi majumbani. Weka kifuniko, na kwenye matundu weka wavu.

Kama wewe ni mpangaji

Huenda unasema, mimi nimepanga chumba kimoja, sina ruhusa ya kutoboa ukuta. Hata hivyo kuna unayoyaweza. Fungua dirisha na mlango kila asubuhi. Washa jiko nje, na uliingize tu kama hewa inapita, kisha ulitoe kabla ya kulala. Usizibe dirisha kwa kabati au kitanda. Weka wavu dirishani. Kisha, pamoja na majirani, mwendeeni mwenye nyumba na mumwombe gata na tangi la pamoja. Akijua kwamba wapangaji hawahami ovyo kutoka nyumba nzuri, huenda akasikia.

Mambo ya kukumbuka

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Dirisha lililosahaulika ni ghali kuliongeza baada ya ukuta kusimama, lakini kuliweka mwanzoni ni rahisi. Kwa hiyo, kabla fundi hajachimba msingi, kaa naye chini umwulize maswali haya:

1. Kuta ndefu na madirisha vitaelekea wapi?
2. Hewa itaingilia wapi na kutokea wapi katika kila chumba?
3. Moshi wa jikoni utatokea wapi?
4. Wavu utawekwa wapi ili mbu asiingie?
5. Sakafu itakuwa ya nini?
6. Maji ya paa yatakwenda wapi?

Fundi akiwa na jibu la kila swali, anza kujenga. Akikosa, msubiri afikirie. Siku mbili za kufikiri ni bora kuliko miaka ishirini ya kukohoa.

Kwa leo tukomee hapo, msikilizaji mpendwa. Jioni hii, kabla hujalala, hakikisha jiko liko nje na dirisha limeachwa wazi kidogo. Kwaheri, na afya njema.